Roki kwa ukulele

Roki kwa ukulele ni upigaji upya wa nyimbo maarufu za roki kwa ala ndogo ya nyuzi 4 kutoka Hawaii. Ala yenyewe ilitokana na vigitaa vya Wareno wa kisiwa cha Madeira waliofika Honolulu mwaka 1879.

Kilichouvumisha zaidi mtindo huu ni video ya Jake Shimabukuro, mzaliwa wa Honolulu, iliyosambaa kwenye YouTube mwaka 2006. Ameketi katika bustani ya Central Park, New York, akipiga "While My Guitar Gently Weeps", utunzi wa George Harrison uliotolewa na The Beatles mwaka 1968. Haimbi hata neno moja. Sauti ya mwimbaji, gitaa la Eric Clapton na mdundo wa ngoma vilivyosikika katika rekodi hiyo ya awali, vyote vinabebwa na vidole vyake: mara anadonoa uzi mmoja mmoja, mara anazichapa zote kwa kasi. Huo ni ustadi mkubwa, kwani noti za ukulele hufifia upesi, tofauti na za gitaa la umeme.

Harrison mwenyewe aliipenda mno ala hii. Tarehe 29 Novemba 2002, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Paul McCartney, mwenzake katika The Beatles, alimuenzi katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kwa kuuanza wimbo wa "Something" kwa ukulele.