Mfalme asiyechorwa, na moto wa Wanyakyusa

Wandugu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Nilikuwa Kyela kwa bibi yangu, huko Ipinda, mtandao wa kubahatisha, mbu wengi, na wali ambao ukishauonja huo mwingine wa mjini unauona kama adhabu. Nimerudi na kiroba cha mchele na swali moja ambalo haliniachi.

Ilianza na picha iliyokuwa kwenye simu yangu. Ni picha ya kiambaza cha kukunja kutoka Korea, kama kile cha kumsitiri mgonjwa wodini, ila hiki ni cha hariri, kina vipande 8 na kimechorwa toka juu hadi chini. Kinaonyesha safari ya mfalme Jeongjo mwaka 1795, alipokwenda Hwaseong (leo ni mji wa Suwon) kuzuru kaburi la baba yake na kumfanyia mama yake karamu ya kutimiza miaka 60. Kuna askari, farasi, wapiga ngoma, akina mama wanaochungulia barabarani, na hata wauza vyakula. Watu ni wengi mno.

Bibi akavaa miwani, akaangalia weee, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mfalme mwenyewe yuko wapi?"

Swali zuri kuliko nililotegemea. Hayupo! Wachoraji wa ikulu ya Joseon hawakumchora mfalme katika picha za sherehe. Walichora kiti chake kitupu, na nyuma ya kiti kiambaza kingine chenye jua, mwezi na vilele vitano vya milima. Ukikiona hicho ujue mfalme yupo. Au walichora farasi wake akitembea bila mtu mgongoni. Viambaza vingi vya namna hiyo viliagizwa na maofisa waliosimamia shughuli. Walichangishana fedha, kila mmoja akapata chake cha kuweka nyumbani, kama sisi tunavyogawana DVD ya harusi.

Nilipomweleza, bibi akacheka. "Basi hata sisi Malafyale walifichwa ndani."

Hapo ndipo nilipokaa vizuri. Sherehe aliyoisema inaitwa ubusoka, yaani kutoka. Watoto wa kiume wa Malafyale walipokuwa wanaume kamili, karibu mara moja kwa kila miaka 30, wawili kati yao walifungiwa nyumbani pamoja na vijana wa rika lao, wakapewa dawa za utawala. Wakati huo moto wa zamani ulizimwa majikoni. Walipotoka, moto mpya uliwashwa kwa kupekecha vijiti, na kila nyumba ikachukua kutoka huo. Miti miwili ikapandwa, mmoja kwa kila mtawala mpya. Wazee wa vijiji, amafumu, wakateuliwa kutoka kwa watu wa kawaida. Nchi ikagawanywa kati ya ndugu hao wawili.

Na mzee aliyekuwa akitawala? Alitarajiwa kufa muda si mrefu baadaye. Msome tena hapo. Baba anahudhuria sherehe ambayo maana yake ni kwamba muda wake umekwisha. Kule Lubaga, Lwembe, mtawala mtakatifu wa Wanyakyusa, hakuachwa afe kwa ugonjwa. Wazee walimziba pumzi ili nchi isidhoofike pamoja na mwili wake. Sisi waandishi wa siku hizi tunashangaa kiongozi akikubali kung'atuka!

Sasa, haya tunayajua kwa kirefu kupitia nani? Kati ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi Unyakyusa (Kyela ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rungwe). Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea kuandika vitabu kutokana na madaftari yao, cha kwanza kikatoka 1951. Lakini pembeni yao alikuwepo karani, Leonard Mwaisumo, kijana Mnyakyusa aliyewasikiliza wazee, akaandika na kufafanua. Alifariki 1938, akiwa hajafikisha miaka 30. Kwenye majalada ya vitabu jina lake halipo. Mchoraji wetu naye ni kiti kitupu.

Madaftari hayo yako Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwezi Aprili 2021 moto wa mlimani uliunguza maktaba ya Jagger ya chuo hicho hicho, na hazina kubwa ya vitabu vya Afrika ikateketea. Nilipoona picha zile moyo ulinipiga paa. Wakorea nao wanajua habari ya kuhifadhiwa ugenini. Mwaka 1866 Wafaransa walibeba juzuu 297 za kumbukumbu za sherehe za kifalme kutoka kisiwa cha Ganghwa. Mkutubi Mkorea aliyefanya kazi Paris, Park Byeong-seon, ndiye aliyezigundua katika miaka ya 1970, na zilirudi 2011, tena kwa jina la mkopo! Ila angalau wao walizidai. Sisi nani ameomba hata nakala?

Uchifu ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, na ubusoka ulikuwa umeshanyong'onyea zamani kidogo, maana wakoloni walitaka mipaka isiyobadilika, wakati sherehe ile kazi yake ilikuwa kugawa nchi.

Siku ya kuondoka bibi alinipeleka nje ya kijiji, akanionyesha kwa mkono mti mmoja mkubwa kando ya mashamba ya mpunga. Alisema baba yake alimkataza kuokota kuni chini yake, na hakuwahi kumwambia ni kwa nini. Nikapiga picha mbili. Ya kwanza bibi alikataa kuwemo, akasogea pembeni.