Mtihani wa CETL na shule zetu

CETL ni cheti cha viongozi wa teknolojia mashuleni, kinachotolewa na shirika la CoSN la Marekani. Mtihani wake ni wa Kiingereza na una sehemu mbili: kuchagua majibu, kisha kuandika insha. Hupima uongozi, kuelewa mazingira ya elimu, na usimamizi wa vyombo.

Makanisa yetu yanaongoza shule kwa mkataba na Serikali tangu 1977. Basi mambo hayo yanatuhusu. Prefe wa Bijombo, hata asipofanya mtihani, ajiulize: paneli ya jua ikiharibika, pesa ya kuitengeneza itatoka wapi? Nani anaruhusiwa kuona pointi za watoto? Tukikimbia vita, nakala ya majina yao itakuwa wapi? Ajengaye mnara huhesabu gharama kwanza (Luka 14:28).