Ng'ombe wa maziwa katika merikebu za Seyyid Said

Kila msimu wa kaskazi meli za watalii hutia nanga Unguja, na kwa saa chache vichochoro vya Mji Mkongwe hufurika wageni wa kofia pana na kamera shingoni. Hupelekwa Darajani, hupitishwa Mkunazini penye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, hupigwa picha Forodhani. Adhuhuri ikiingia, wengi hurudi melini. Chakula cha mchana wamekwisha kukilipia pamoja na safari, na mwenye mkahawa wa Shangani aliyeinjika sufuria ya pilau tangu asubuhi hubaki akitazama viti vyake.

Huko melini mna ukumbi mkubwa, meza ya kujipakulia, mkahawa wa Kiitaliano, wa Kijapani, wa nyama choma, mingine kwa malipo ya ziada. Zamani abiria alipangiwa meza na saa ya kula. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line iliufanya uhuru wa kula unachotaka, saa unayotaka, kuwa ndiyo sifa ya kuuzia tiketi zake, na wenzake wakafuata njia hiyo. Ukisoma matangazo yao utadhani abiria wa baharini hakuwahi kuulizwa anataka kula nini. Katika bahari hii aliulizwa zamani sana, na halikuwa jambo la anasa. Mtu alitaka kujua nyama imechinjwa na nani.

Mwaka 2026 kinatimiza miaka 140 kitabu cha kumbukumbu za Bi Salme binti Said, binti wa sultani wa Unguja, kilichotoka Berlin mwaka 1886 kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete. Wengi hukifungua wakitafuta mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani, na namna alivyotoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer. Kisa hicho kimesimuliwa hadi kimechujuka. Kurasa anazoeleza safari ya baba yake kwenda Oman hupitwa haraka, nazo kwa mtu anayejali chakula ndizo tamu kuliko zote.

Bi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji. Jikoni mwa jumba hilo, anasema, walipika Kiarabu, Kiajemi na Kituruki, kwa kuwa wakaazi wake walitoka kila pembe na kila mmoja alikuwa na ladha yake. Bahari ilikuwa uani. Merikebu iliyoitwa Il Rahmani ilikaa nangani mbele ya jumba kwa ajili ya haja za nyumba hiyo, na mwezi wa Ramadhani mzinga wake ndio uliowaamsha watu kwa daku.

Kila baada ya miaka michache baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alirudi Maskati kutazama mambo ya utawala wake. Safari ilichukua wiki nyingi kwa tanga, na msafara wenyewe, kwa hesabu ya binti yake, ulikuwa wa watu wapatao elfu moja. Nyumba nzima iligeuka jiko. Kulikuwa na vikeki vya namna maalumu, vilivyookwa kwa wingi kwa sababu viliweza kukaa kiasi cha miezi miwili bila kuharibika. Nyama ya chumvi, ile iliyowalisha mabaharia wa Kizungu mwaka mzima, haikujulikana Unguja. Na vyakula vya kopo, anasema Bi Salme, hata vingejulikana visingeliwa, maana nani angethubutu kuapa kwamba mnyama yule kachinjwa kwa kisheria?

Basi mnyama akapanda merikebuni akiwa hai. Mifugo ilipakiwa kwa wingi, na pamoja nayo ng'ombe wa maziwa kiasi cha dazeni moja. Hebu fikiri kazi ya mabaharia waliopaswa kumpandisha ng'ombe kutoka mtumbwini hadi sitahani, kumfunga asianguke mawimbi yakichafuka, kumtafutia majani na maji matamu, kisha kumkamua kila alfajiri katikati ya Bahari ya Hindi. Bi Salme hasimulii kazi hiyo. Alikuwa binti wa mfalme. Alichokiona ni msafara wa vitu vikienda pwani, si migongo ya watumwa walioibeba mizigo. Msomaji wa leo analazimika kuiongeza migongo hiyo mwenyewe.

Kisha yakaja matunda. Seyyid Said alikuwa na mashamba 45, na kila shamba lilileta lililo bora. Kwa siku kadhaa wapagazi hawakuwa na kazi nyingine ila kuyapeleka merikebuni. Kwa kuwa kila mtu alikuwa huru kula atakavyo, wasafiri wengi waliugua matumbo. Meza ya kujipakulia ina historia ndefu, na madhara yake pia.

Safari ya mwisho ya namna hiyo ilianza mwaka 1854. Seyyid Said hakurudi hai: alifariki Oktoba 1856 karibu na Ushelisheli, ndani ya merikebu yake Victoria, akielekea nyumbani.

Baada yake zikaja stima. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za barua kati ya Aden na Unguja; mwaka 1890 Wajerumani wakaanzisha laini yao ya Afrika Mashariki. Stima ilikuwa na ratiba, na ratiba ikaleta madaraja. Daraja la tiketi ndilo lililoamua utakula wapi, na nani atakaa kando yako.

Aliyelijua hilo vizuri ni wakili mmoja kijana, Mohandas Gandhi. Mwaka 1888, akienda London kusoma, alishindia matunda na vitu vitamu alivyotoka navyo nyumbani, maana aliona haya kuwauliza watumishi wa meli ni chakula gani kisicho na nyama. Aprili 1893 alisafiri tena kutoka Bombay kwenda Natal. Daraja la kwanza lilikuwa limejaa, kwa kuwa gavana wa Msumbiji na watu wake walichukua vitanda. Wakala akamshauri alale deki, chakula atapangiwa saluni pamoja na wakubwa. Gandhi akakataa: wakili alale deki? Akamwendea ofisa wa meli mwenyewe, akapewa kitanda cha ziada ndani ya kabini yake. Meli ikapita Lamu na Mombasa, na Unguja akakaa zaidi ya wiki akingoja meli nyingine. Kwa jinsi tunavyomjua baadaye, yule wakili wa saluni anashangaza kidogo.

Abiria wa deki hawakuwa na wa kubishana naye. Baada ya Vita vya Pili, British India ilileta meli mbili, Kampala mwaka 1947 na Karanja mwaka 1948, zilizounganisha Bombay na bandari zetu hadi Durban. Wahindu wasiokula nyama walikuwa na jiko lao, Waislamu lao, na daraja la kwanza lao. Hakuna tangazo lililouita mpango huo uhuru. Ulikuwa lazima ya biashara, kwani abiria asiyeamini sufuria ya meli angebeba yake.

Majahazi nayo hayakuwa na madaraja. Mwaustralia Alan Villiers, aliyefika Unguja mwaka 1939 kwa jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, aliona mabaharia wakila wali na samaki kwa mkono katika sinia moja, kutoka jiko moja dogo la sitahani.

Yote haya yalistahili chumba kizima cha makumbusho. Jumba la Beit al-Ajaib liliwahi kuwa na maonyesho ya bahari, pamoja na mfano wa mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba; sehemu ya jengo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Jumba la Mtoni, lile lenye jiko la mapishi matatu, ni gofu. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 kwa ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan, inapendeza, lakini wachoma pweza na mishikaki huwasha mkaa jioni, saa ambayo abiria wa meli za watalii wamekwisha kurudi kwenye meza zao.

Kuhusu meli za wenyeji tangu Mapinduzi ya 1964, historia ya chakula ni fupi. Boti ziendazo kasi huvuka kutoka Dar es Salaam kwa muda wa karibu saa mbili, na kinachouzwa ndani ni soda, maji na biskuti. Kina mama wa Pemba, ambao njia yao ni ndefu zaidi, bado hupanda na chakula chao kwenye vikapu.