Njia ya Anga Juu ya Uwanda wa Dodoma

Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilituma wapimaji kuandaa viwanja vya kutua, yaani ardhi iliyoondolewa miti na vichuguu, kutoka Cairo hadi Cape Town, na kuanzia hapo rubani aliyevuka Tanganyika kwa ndege ndogo aliipanga safari yake kituo kwa kituo, kwa kuwa mafuta ya tangi moja hayakumfikisha mbali. Alama yake kuu ilikuwa reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ugumu halisi, hata hivyo, ulikuwa hewa yenyewe: katika uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000, joto la mchana huipanua hewa ikawa nyepesi, injini ikapungukiwa nguvu na mabawa yakashindwa kuinua mzigo wa kawaida, ndiyo maana kupaa alfajiri kulikuwa sharti la usalama. Ndege ya Vickers Vimy iliyokuwa ikiifuata njia hii ilianguka Tabora Februari 1920, haikufika Cape Town.

Mwaka 1932 Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, liliifanya Dodoma kituo kati ya Moshi na Mbeya katika njia yake ya Cape Town, heshima kubwa kwa mji mchanga wa reli, lakini mwaka 1937 ndege zituazo majini ziliihamishia njia hiyo pwani. Alama nyingine ya rubani, mbali na reli, ilikuja baadaye: Hombolo, katika nchi ya Wagogo kaskazini-mashariki mwa Dodoma, ilipata bwawa lake miaka ya 1950, na tangu hapo maji yake mapana humpa rubani alama bora kuliko mito ya msimu, ambayo kiangazi hubaki mchanga mtupu.