Kinanda Kidogo na Haja ya Kidole

Mtu aliyejifunza kwa kinanda kidogo cha umeme, akafikiwa na siku ya kutamani kilicho bora zaidi, aghalabu huanza kwa kuhesabu: sauti ngapi, midundo mingapi, vibao vingapi, na muuzaji, kwa kuwa hesabu ni jambo jepesi la kuonyesha, humsaidia kuhesabu. Nami nasadiki kwamba anachokikosa mwanafunzi huyo ni kitu kimoja tu, yaani kinanda kimjibu kidole chake, na tarikhi ya haja hiyo imeutangulia umeme.

Vinanda vingi vya Ulaya vya kale vilikuwa vikidonoa nyuzi kwa ncha za manyoya ya ndege, na ukipiga kwa upole au kwa ghadhabu, uzi ulitoa mlio ule ule. Fundi Bartolomeo Cristofori, aliyeitumikia nyumba ya Medici katika mji wa Florence, ndiye aliyeondoa dhiki hiyo yapata mwaka 1700, pale alipoweka nyundo ndogo za kuzigonga nyuzi, hata nguvu ya mkono ikapata njia ya kufika kwenye sauti. Ndipo likatoka jina la piano, neno ambalo kwa Kitaliano lina maana ya kupiga kwa sauti ya chini.

Basi ni ajabu kwamba neema hiyo, iliyodumu karne mbili na ushei, ilipotea tena vilipokuja vinanda vya watu wote. Kampuni ya Casio ya Japani, iliyojulikana zaidi kwa mashine za kuhesabia, ilitoa Casiotone 201 mwaka 1980, yenye vibao 49 na sauti 29, kwa nia njema ya kumwezesha kila mtu kupiga muziki nyumbani kwake. Wala sipendi kuidharau nia hiyo, kwani imewafungulia mlango watu wasiohesabika. Lakini kiguse kibao cha kinanda cha namna ile kwa ncha ya kidole, kisha kipige kwa nguvu zako zote: mlio haubadiliki, na mkono wa mtoto, usipojibiwa, huzoea kutouliza.

Mwaka 1983 Yamaha ikatoa DX7, yenye vibao 61, ikitumia elimu ya sauti aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford. Hakikuwa kinanda cha kwanza cha umeme kusikia nguvu ya kidole, ila ndicho kilichoieneza hikima hiyo, ingawa bei yake huko Marekani ilikaribia dola 2,000. Hikima yenyewe ni nyepesi kuieleza: chini ya kibao mna viguso viwili vinavyofungana kimoja baada ya kingine, na kinanda hupima muda uliopita kati yavyo; muda ukiwa mfupi, kidole kimeshuka kwa kasi, na sauti huwa kubwa.

Kwetu pwani, ambako wazee waliliita kinanda hata gambusi, mpigaji wa taarabu ana haja ya pili. Nyimbo zilizojengwa juu ya makamu za Kiarabu, kama rasti na bayati, zina robo za sauti ambazo fidla na udi huzitoa bila taabu, ilhali kibao cha umeme hakizijui mpaka kifundishwe. Vilipokuja vikundi vya taarabu ya kisasa kama East African Melody katika miaka ya 1990, na kinanda kikabeba kazi ya fidla nyingi, upungufu huo ukawa mzito zaidi; kwa hiyo mpigaji wa Unguja anayenunua leo na aulize kwanza kama kila sauti katika zile 12 za ngazi ya muziki yaweza kushushwa peke yake.

Kisha, papo hapo dukani, azime midundo yote, achague sauti ya piano, na kukipiga kibao kimoja mara kumi, akianza kwa mguso wa kumwamsha mtoto mchanga na kuongeza nguvu kidogo kidogo, huku amefumba macho asizione taa.