Uzee na Imani katika Nchi ya Uzigua

Katika nchi ya Uzigua, tangu Kwaluguru na vijiji jirani vya Handeni hadi ukingo wa mto Pangani huko Korogwe, mzee hakuwa mtu wa kuwekwa pembeni. Yeye ndiye aliyejua mipaka ya mashamba, aliyekumbuka deni la mahari, na aliyeongoza tambiko la ukoo. Kwa hiyo Ukristo ulipoingia huko mwishoni mwa karne ya 19, mtihani wake mkubwa haukuwa kwa kijana aliyevutwa na kalamu na kitabu. Ulikuwa siku kijana huyo atakapokuwa na mvi, na ndugu zake wamwendee wakati wa ukame kumwomba asimame mbele ya makaburi ya babu zake. Vitabu vingi vya historia hueleza ubatizo wa vijana, kisha vikauacha uzee wao bila neno. Twapenda kuitazama sehemu hiyo iliyoachwa.

Wamisionari wa UMCA walitoka Magila katika nchi ya Wabondei, wakajenga Korogwe, na kazi yao ikaenea hadi Kwa Mkono na Kideleko upande wa Handeni. Mtu hakubatizwa upesi siku hizo. Alikaa kwanza katika daraja la wasikilizaji, kisha la wakatekumeni, akikariri Sala ya Bwana, Kanuni ya Imani, Amri Kumi na nyimbo. Kizigua nacho kilitiwa katika maandishi; kamusi ya W. H. Kisbey ilitoka mwaka 1906. Wapo waliokejeli kukariri huko kuwa ni kazi ya kasuku. Hatukubaliani nao. Sisi tunaotunga mashairi twajua kwamba neno lililofungwa kwa mizani hubaki kifuani baada ya mengine kutoka. Mtoto wa jicho alipoingia na kitabu kikawa hakisomeki tena, ajuza wa Kizigua alikuwa bado na ibada nzima moyoni mwake. Akiba ya uzee iliwekwa ujanani, wala hapakuwa na aliyekusudia iwe hivyo.

Akiba hiyo ilihitajika mapema. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza, na baadhi ya walimu wa Kiafrika nao wakatiwa ndani. Makanisa ya vijijini yakabaki mikononi mwa waumini wenyewe hadi majeshi ya Waingereza yalipoingia Korogwe na Handeni mwezi Juni 1916. Watu wakazoea kusali bila kasisi, na mazoea hayo yalimfaa sana mzee ambaye miguu yake haikufika tena kanisani. Kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia alfajiri, adhuhuri na jioni, aliitikia akiwa kitandani. Kasisi alipopita alimpelekea Sakramenti nyumbani. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Uzigua zina Waislamu na Wakristo pamoja, si ajabu mjukuu aliyetoka chuoni kusoma Kurani kuwa ndiye amshikaye bibi yake mkono hadi mlango wa kanisa.

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe mambo yalikuwa mengine. Huko manamba waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Tangu mwaka 1944 waajiri walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, iliyoitwa SILABU. Mkataba ulikwisha, lakini wengi hawakurudi makwao. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960 kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na mashamba mengi yakadhoofu katika miaka iliyofuata, walijikuta wazee katika vyumba vya kambi, hawana ukoo, hawana mjukuu, hawana hata kaburi la baba la kulikataa au kulikubali. Nani angemlea mzee kama huyo katika imani yake?

Jibu moja lilitoka kwa maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki, walioamua mwaka 1976 kuzitanguliza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya hukutana nyumbani kwa mwanachama. Basi mzee asiyeweza kwenda kanisani, kanisa humjia. Na aliyemsomea Injili jioni hawezi kukosa kuona kwamba mtungi hauna maji. Pale jumuiya ilipokuwa hai, manamba alizikwa na watu waliolijua jina lake.

Wasio na watu kabisa wamekuwa mzigo wa taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja wazee wasiojiweza kuwa miongoni mwa wachache wenye haki ya kutegemea jasho la wengine, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeifanya familia kuwa mlezi wa kwanza, makao ya wazee yakiwa kimbilio la mwisho. Mkoani Tanga yamekuwapo makao hayo Mwanzange na Misufini. Serikali yetu haina dini, lakini wazee wake wanazo. Chakula na blanketi serikali yaweza kuvitoa, wimbo haiwezi. Twaona si haki waumini kufika na mchele na sabuni siku ya Krismasi, wakapigwa picha, kisha wasionekane hadi Pasaka.

Masista wa Shirika la Mateso Matakatifu, lililoundwa mwaka 1911 na Askofu Frank Weston, walihudumu katika nchi hii hadi mwaka 1991, ndipo wakarudi Uingereza. Waliwaacha masista wa Kiafrika zaidi ya mia moja wa Chama cha Mariamu Mtakatifu, kilichoanzishwa mwaka 1946 chini ya malezi yao, nacho kikawa na nyumba Korogwe na Kwa Mkono. Mtawa hana mtoto wala mjukuu. Anapozeeka, mwenye kumwogesha, kumlisha na kumwanzishia zaburi aliyoisahau ni dada mdogo aliyeingia utawani nyuma yake.