Stellite: kutoka motokari ya Kokomo mpaka kinywani mwa mama mukubwa

Bandugu, mwaka uliopita nilimsindikiza mama mukubwa kwa docta wa meno, hapa Kolwezi. Meno yake ya chini yalikuwa yamebaki machache. Docta akatazama, akasema:

– Mama, utaweka stellite.
– Ile njo nini?
– Ni chuma kidogo ya kushika meno ya bandia. Haishike kutu.
– Inatoka wapi?
– Banaitengeneza ku Bulaya.

Aliposikia bei, mama mukubwa alinyamaza. Wakati wa kurudi nyumbani tulisimama kando ya barabara kupisha malori yaliyobeba kobalti. Mimi ni wa agronomie, mambo ya chuma si kazi yangu, lakini lile neno lilinikaa kichwani. Nikaanza kulitafuta.

Neno hilo lilizaliwa Marekani, katika mji wa Kokomo, jimbo la Indiana. Mwenye kulitunga ni Elwood Haynes. Watu wengi wanamkumbuka kwa motokari: tarehe 4 Julai 1894 aliendesha yake ya kwanza kwenye barabara ya nje ya mji, ikitembea karibu kilomita 11 kwa saa. Baadaye akawa na kiwanda cha magari.

Lakini kabla ya motokari kulikuwa na mémoire. Haynes alimaliza masomo mwaka 1881, na kazi yake ya mwisho ilihusu jinsi tungsteni inavyobadilisha chuma na feleji. Baada ya hapo alifundisha, akafanya kazi katika kampuni ya gesi, lakini hakuacha kuyeyusha metali. Inasimuliwa kwamba mke wake alitaka visu vya mezani visivyopoteza mng'aro. Haynes akachanganya kobalti na kromu, akapata metali ngumu, yenye kung'aa, isiyoshika kutu. Aliipa jina Stellite, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya nyota, na akapewa haki ya uvumbuzi mwaka 1907.

Mwaka 1912 alifungua kiwanda cha Stellite, na mwaka 1913 akapata haki nyingine, safari hii akiwa ameongeza tungsteni. Hesabuni wenyewe: tangu ile mémoire, miaka 32! Stellite iliweza kukata chuma hata ikiwa imewaka nyekundu kwa moto, kwa hiyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza viwanda viliigombania. Mwaka 1920 Haynes aliuza biashara hiyo kwa Union Carbide. Kiwanda chake cha magari kilianguka, naye akafariki mwaka 1925. Motokari zilikwisha, aloi ikabaki.

Basi iliingiaje mdomoni? Wakati ule meno ya bandia yalishikwa na dhahabu, yenye bei kubwa na uzito mwingi. Aloi ya kobalti na kromu ina karibu nusu ya uzito wa aloi ya dhahabu. Shida ilikuwa moto: inayeyuka kwenye digrii zaidi ya 1300, na kalibu za plasta ambazo mafundi wa meno walizoea zilipasuka. Mwaka 1932, Reiner Erdle na Charles Prange wa Austenal Laboratories walileta aloi ya ukoo huo huo, yenye molibdeni, wakaiita Vitallium. Walitengeneza pia kalibu yenye kuvumilia moto. Unachonga umbo kwa nta, unalifunika, unayeyusha nta itoke, halafu unamimina metali mahali pake.

Na haikuishia kwenye meno. Miaka ya 1930 madaktari wa upasuaji waliiweka kwenye mifupa. Vita ya pili ilipofika, mapanga madogo ya turbini za injini za ndege yalimiminwa kwa njia ile ile ya nta, ya fundi wa meno. Aloi iliyotoka kiwandani kuingia mdomoni ikarudi tena kiwandani.

Sisi tuko wapi katika hii hadithi? Haynes alipoanza, kobalti ya Amerika ilitoka Ontario, Kanada. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuitoa hapa Katanga, na leo Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Tumezoea kusema ni ya batri. Kumbe imekuwa midomoni mwa watu tangu zamani, na madocta wa Kifaransa bado wanaiita kwa jina la Haynes.

Siwezi kusema chuma ya mama mukubwa ilitoka shimo gani. Najua tu kwamba kilichouzwa ghali pale si udongo. Kokomo haikuwa na mgodi wa kobalti. Ilikuwa na mtu ambaye hakuifungia mémoire yake ndani ya kabati.

Mama mukubwa alilipa kidogo kidogo, miezi saba. Sasa anakula muhindi wa kuchoma na kunicheka mimi niliyeogopa bei.

Mémoire yangu ilikuwa juu ya udongo wa kando ya migodi: maharagwe yanaweza kuota pale au hapana. Iko chini ya kitanda. Leo jioni nitaitoa. Na wewe, yako iliongea juu ya nini, na iko wapi?